Klachi ya Kiume

Sultan Hamud, Jumapili jioni

Syokau, mwaitu,

Salamu sina, kwa sababu tumeamka nyumba moja leo na tutalala nyumba moja. Kumwandikia mtu anayelala chumba cha pili ni jambo la kuchekesha, najua. Ungekuwa hapa ungesema, "Mama, si uniambie tu?" Nimejaribu kukuambia tangu Alhamisi. Kila nikifungua mdomo unasema, "Iko sawa, Mama," na mimi nafunga mdomo naenda kuchochea moto ambao hauna shida yoyote. Basi nimeamua kuandika. Karatasi haiwezi kunikatiza.

Sasa hivi uko kanisani na baba yako, unaombewa safari ya kesho. Nasikia kuimba mpaka hapa. Niliwaambia kichwa kinaniuma. Mungu anisamehe, kichwa hakiumi hata kidogo. Nilitaka mtoke, niachwe na pikipiki yako.

Sitakuandikia habari ya kula, wala ya sweta, wala ya kufunga mlango. Shangazi yako amekwambia hayo yote jana mpaka akakauka koo, na huko Migwani unakokwenda kazini watu pia hula na hufunga milango. Mimi nina neno moja tu, na neno lenyewe ni mkono wako wa kushoto.

Nilikuona. Alhamisi ulipokuja na hiyo pikipiki ya kazi, sanduku la chanjo limefungwa nyuma, nilikuwa nimesimama langoni na furaha yangu yote. Mama wa jirani alikuwa ameshaanza vigelegele. Na wewe ukapita! Ukanitingishia kichwa, ukapita lango, ukapanda hadi uwanja wa kanisa pale pa tambarare, ukageuka, ukazima injini, ukateremka mpaka nyumbani kimya kimya kama mtu wa baiskeli. Ukasema ulitaka kuona kama kanisa limepakwa rangi. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Ugonjwa huo naujua. Niliugua huo ugonjwa kabla wewe hujazaliwa.

Wewe husimami mahali pa mlima, kwa maana klachi ni ngumu na kiganja chako hakiiwezi. Usinibishie. Ulishika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mtu anayesikia baridi, saa saba mchana, Sultan Hamud! Nani amewahi kusikia baridi hapa saa saba mchana? Ulikuwa unauficha mkono wa kushoto usionekane ukitetemeka. Hata huo ujanja naujua, nimeutumia.

Na najua kwa nini husemi. Wewe mwenyewe ulituambia tukila, kwamba mkubwa wenu wa Kitui atakuja kukuangalia ukiendesha, na akiona msichana ameshindwa, pikipiki itapewa mwanamume na wewe utarudishwa wodini. Ulisema ukicheka, lakini ugali ulikuwa umeachwa kwenye sahani. Hii kazi umeililia. Sasa unaogopa ukitamka neno klachi mbele ya mtu yeyote, litatembea lenyewe mpaka Kitui. Hata mbele yangu unaogopa.

Lakini fikiri, mwaitu. Kazi yako ni kusimama. Huko unakokwenda wakina mama watakuwa kando ya barabara, mtoto mgongoni, mkono juu. Mama mwenye mtoto hachagui mahali pa tambarare. Yeye hutokea pale njia yake ya miguu inapokutana na barabara, na huku kwetu Ukambani njia za miguu hukutana na barabara kwenye milima. Nesi asiyeweza kusimama mlimani, dawa yake atampelekea nani?

Ngoja kidogo.

Nimerudi. Nilienda kuivuta tena hiyo klachi. Nimekuwa nikienda na kurudi tangu mlipotoka, na kuku wamechoka kunikimbia.

Wacha nikuambie habari ya mtu uliyepewa jina lake. Unajua ninakuita mwaitu, mama yangu, kwa sababu wewe ni Syokau wa pili. Susu yako, mama yangu mzazi, ndiye wa kwanza. Una jina lake na una viganja vyake, vile vidogo vya mtu anayeweza kuingiza mkono wote ndani ya kibuyu akakisugua. Baba yako anasema hata kununa unanuna kama yeye. Hukumjua sana, alituacha ungali unatambaa, lakini hii habari ni yake zaidi kuliko yangu.

Miaka ile nilikuwa Bibi Shamba. Ofisi ya kilimo ilinipa pikipiki niwe nikizungukia vikundi vya wakina mama waliokuwa wakichimba matuta ya kuzuia maji yasibebe udongo. Mwanamke juu ya pikipiki alikuwa sinema. Watoto walikuwa wanakimbia nyuma yangu, na wazee walikuwa wanavua kofia wapate kuniona vizuri. Yule bwana aliyekuwa na hiyo pikipiki kabla yangu alinikabidhi ufunguo mbele ya wenzake akasema, "Dada, nikuambie mapema. Hii mashine ina klachi ya kiume." Wakacheka wote. Nikamjibu, "Basi imepata mke." Wakacheka zaidi, na mimi nikajiona bingwa.

Ubingwa ulikwisha siku hiyo hiyo. Ile klachi ilikuwa ngumu kama nira mpya. Kuivuta mara moja, sawa. Lakini kuivuta na kuishikilia, halafu kuiachia polepole huku pikipiki inataka kurudi nyuma mlimani, aa, hapo vidole vilikuwa vinatetemeka, vinaachia vyote kwa pamoja, injini inazima. Unaipiga teke iwake, unavuta tena, inazima tena. Na wanaume wameketi dukani wanakuangalia. Ningewaambia nini ofisini? Kwamba yule bwana alikuwa amesema kweli? Heri ningemeza spana.

Nikajifunza kuikwepa. Nilibadilisha gia bila klachi, napunguza mafuta kidogo na kusukuma kwa mguu. Nilisimama mahali pa tambarare tu, au pale mteremko unaponipa nafasi ya kuzima na kuserereka. Mahali pa mlima sikusimama, hata nikiitwa kwa jina. Nilikuwa napita nikitingisha kichwa na kupiga kelele, "Nina haraka!" Watu wakaniheshimu sana. Walisema Bibi Shamba anafanya kazi si mchezo.

Nyumbani kwetu, unapajua, ni ndani kidogo ya Malili, na barabara yetu ya vumbi inapanda pale vibaya. Kila Ijumaa nilikuwa napita hapo nikirudi ofisini. Na kila Ijumaa mama yangu alikuwa anatoka shambani kabla ya wenzake, anasimama kando ya barabara katikati ya ule mlima, na kibuyu cha uji. Uji wa wimbi, uliochacha kidogo, kama nilivyoupenda tangu utotoni. Alikuwa anainua kibuyu ili nikione kutoka mbali.

Nilikuwa napita.

Siyo Ijumaa moja. Ilikuwa Ijumaa baada ya Ijumaa, kuanzia mvua mpaka kiangazi. Nilikuwa napaza sauti, "Jumapili, mwaitu! Jumapili!" na kumfunika vumbi, yeye na uji wake. Jumapili nilikuwa na ripoti za kuandika. Kuna wakati niliona amebadilisha nguo. Badala ya ile leso ya shambani alikuwa amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, siku ya Ijumaa, kando ya barabara, na uji. Nilijiuliza kama kuna arusi. Nikapita.

Kumbe wengine pia walikuwa na macho. Siku moja nilienda kukagua matuta ya kikundi cha kijiji chetu. Unajua kazi ya mwethya, ya kusaidiana, ilivyo. Wanawake wamepanga mstari, majembe yanapanda na kushuka pamoja, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia, na hapo hakuna mkubwa. Ukiwa mchoyo utaimbwa, ukiwa mvivu utaimbwa, na ukikasirika utaimbwa tena kwa kukasirika. Nilipofika, pale chini pa tambarare bila shaka, nikasikia wimbo mpya:

Gari moshi lasimama Sultan Hamud,
lasimama na Emali;
Bibi Shamba hana stesheni,
hata kwa mamake hana stesheni!

Na majembe, pu! Wakarudia. Wakacheka hadi wengine wakashika kiuno. Mimi nilisimama na daftari langu, uso unawaka moto, natafuta mahali pa kutazama. Nikamtafuta mama yangu kwenye mstari. Alikuwa pale mwisho, haimbi, hacheki, anachimba tu. Nikamwendea. Nikasema, "Mwaitu, unawasikia?" Hakuinua macho. Akasema, "Wamekosea. Gari moshi likipita hupiga honi."

Syokau, kuna maneno mtu huambiwa mara moja na hayatoki tena mwilini. Nilimshika mkono, nikamvuta kando nyuma ya kichaka, nikakunjua kiganja changu cha kushoto mbele yake. Kilikuwa kimechubuka, malengelenge juu ya malengelenge, na kidole gumba kimevimba. Nikamwambia yote, harakaharaka, kama mtoto anayeshtaki. Kwamba si haraka. Kwamba ni klachi. Kwamba nikisimama mlimani siwezi kuondoka.

"Aiya!" akasema. Akakishika kile kiganja kwa viganja vyake vidogo. "Na kwa nini hukusema?"

"Ningesema niseme nini? Wanaume wangejua."

"Mimi ni mwanamume?"

Halafu akasema pole pole, akiangalia kule wenzake waliko, "Mimi nilifikiri ni nguo zangu. Nilifikiri umesoma, unaniona aibu. Ndiyo nikaanza kuvaa za kanisani."

Nililia pale nyuma ya kichaka na daftari la serikali mkononi. Hata sasa ninapoandika, karatasi naiona kama iko ndani ya maji. Mama yangu alioga na kuvaa gauni lake zuri kila Ijumaa ili apate kufaa kusimamishiwa pikipiki na mtoto wake. Na mimi nilijua kilicho kwenye kiganja changu, na nilichagua afikirie hivyo kuliko watu wajue. Sikujua ndicho nilichochagua, lakini ndicho nilichochagua.

Nimetoka tena, nimerudi tena. Bado wanaimba. Nafikiri baba yako ndiye atakayeomba mwisho, na wewe unamjua baba yako akianza kuomba, kwa hivyo nina nafasi.

Sasa sikiliza kosa la pili, ndilo linalonikosesha amani leo.

Mama yangu hakuwa mtu wa kulia pamoja na mtu. Alikuwa mtu wa kutafuta dawa. Alikuwa na chupa ya mafuta ya mbarika, aliyoyachemsha mwenyewe, ya kulainisha mukwa wake, ule ukanda wa ngozi wa kubebea kuni na mtungi, unaopita kichwani. Akasema, "Ngozi ya fahali inalainika kwa haya mafuta. Waya ni nini?" Na mimi, Bibi Shamba mwenye cheti, nikaona ni kweli. Tukayamimina ndani ya ile waya ya klachi, juu, mpaka yakatokea chini. Mwaitu, ikawa laini! Nilisimama. Nilisimama kila mlima, hata pasipo na mtu. Ijumaa ile nilisimama katikati ya mlima wetu, nikanywa uji mpaka chini ya kibuyu, na mama yangu akapita kwa kila jirani jioni hiyo akitangaza kwamba gari moshi limepata stesheni.

Lakini mafuta ya mbarika si mafuta ya mashine. Yakichanganyika na vumbi letu hili jekundu, na baridi ya Julai ikija, yanakuwa gundi. Siku kwa siku klachi ilikuwa inarudi kuwa nzito, na kibaya zaidi, ilikuwa inachelewa. Unaachia vidole, waya inabaki imekwama, halafu inaachilia ghafla inapotaka yenyewe. Niliona. Lakini nilikuwa nimeshaonja ule uji, na sikutaka kumwambia mama kwamba dawa yake imeharibika.

Basi Ijumaa moja nimesimama mlimani, nimekunywa, nimemrudishia kibuyu, nimewasha. Mama akakumbuka jambo. Alikuwa daima anakumbuka jambo. Akaja mbele ya gurudumu, akainua mkono kunitengenezea kola ya koti. Nikaachia klachi pole pole kama ipasavyo. Haikushika. Pikipiki ikaanza kurudi nyuma. Nikashtuka, nikaongeza mafuta. Na hapo ndipo waya ikaachilia, kwa mara moja. Pikipiki iliruka mbele kama mbuzi aliyekatikiwa kamba.

Nilimgonga mama yangu.

Nilipoinuka kutoka chini nilimwona ameketi mtaroni, kibuyu vipande vipande, uji uliobaki umemwagika kifuani kwenye lile gauni la kanisani. Nilidhani nimemuua akiwa amekaa. Nikapiga magoti, nikamshika mashavu. Akanitazama, akasema, "Mwana wakwa, afadhali ulipokuwa unapita." Halafu akaanza kucheka, anacheka na anashika nyonga, anacheka na machozi yanatoka. Alichechemea msimu wote wa kupanda. Aliwaambia watu ameteleza kisimani. Mpaka anakufa, kisima ndicho kilichobeba lawama yangu.

Nilimpelekea ile pikipiki Mzee Kilonzo, fundi wa hapa Sultan Hamud, marehemu sasa. Alichomoa waya, akanusa, akanitazama. "Bibi Shamba, umeipaka mafuta ya bibi arusi? Inaolewa lini?" Alinicheka mpaka nikatamani ardhi ipasuke. Lakini alinionyesha, na akanifanya nishike mwenyewe. Aliiosha waya kwa mafuta taa mpaka yakatoka meupe. Akaitundika msumarini, akaifunga kifuko cha nailoni juu, akatia oili nyepesi iteremke kwa wakati wake. Akanionyesha jinsi waya ilivyokuwa imepindwa vibaya chini ya tangi. Alisema jambo moja ambalo nimekuwa nikilibeba: "Ukitaka klachi laini, ondoa kinachoizuia. Usiguse kinachoishika."

Sasa ya leo. Nimefungua klachi yako, Syokau. Najua ni mali ya serikali na baba yako atasema nimefungwa tayari. Niliyoyakuta ni haya. Waya yako ilikuwa imefungwa kwa mpira wa tyubu karibu na usukani, imekazwa na kukunjwa kama shingo ya kuku. Nani aliifanya hivyo sijui, lakini alikuwa mtu wa kupenda unadhifu kuliko kuendesha. Nimeifungua, nimeipitisha kwa mzunguko mpana, usukani ukigeuka haibanwi. Nimeiosha, nimeitundika pale ukutani, nimeipa oili ya mashine, mwaitu, ya mashine. Leva yenyewe, ile bolti inayoizungukia ilikuwa kavu ina kutu. Nimeisugua na nimeipaka grisi. Nimeishusha leva kidogo ili kifundo cha mkono kisipinde. Na nimeacha ulegevu mdogo kabla haijaanza kuvuta, unene wa shilingi, usiuondoe hata ukiona kama ni kasoro. Na wewe unaishika vibaya. Unaishikia karibu na mzizi. Ishike kwa mwisho, pale vidole vinapopata nguvu, kama unavyoshika mpini wa jembe.

Ikawa nafuu. Nafuu kubwa. Lakini si laini kama nilivyotaka, na hapo shetani akanijia.

Mzee Kilonzo aliniachia kipande cha chuma, mkono mrefu wa kufunga pale waya inapoingilia injini. Ukiufunga, klachi inakuwa kama kukamua mbuzi. Nimeuweka kwenye sanduku miaka hii yote. Leo nikaufunga. Nikavuta kwa kidole kimoja, Syokau, kidole kimoja, nikacheka peke yangu uani. Nikajiona nimekuokoa. Nikaisimamisha pikipiki kwa stendi, nikaiwasha, nikatia gia ya kwanza nikiwa nimevuta klachi hadi mwisho, na nikaweka kiatu changu dhidi ya tairi la nyuma. Tairi likataka kuondoka na kiatu. Unaona? Leva imevutwa yote, mkono umestarehe, lakini ndani huko sahani za klachi hazijaachana, bado zinasukuma tairi. Ungesimama mlimani mbele ya mama na mtoto wake, ukadhani umesimama, na pikipiki inamnyemelea. Wepesi ulioupata kidoleni umeupoteza kule ndani. Nikaona gauni la kanisani lina uji.

Nimeufungua ule mkono mrefu, nimeurusha chooni. Sitaki hata uwe nyumba hii. Nikarudisha ule wa zamani, nikajaribu kiatu tena, tairi likatulia.

Kwa hivyo nisamehe. Klachi yako haijawa laini kama ambavyo mama yako angependa. Imekuwa laini kama inavyoweza kuwa bila kukudanganya. Bado itakutaka mkono. Nimeivuta jioni nzima, na kiganja changu ni kikubwa kuliko chako na ni cha mtu mzima aliyechimba, sijui kipimo changu kinafaa nini. Naogopa. Nakuambia waziwazi, naogopa mpaka meno yanauma. Naogopa malori ya barabara kuu kabla ya Malili, naogopa mito ya mchanga huko mbele ya Kitui, naogopa huyo mkubwa wako na macho yake. Zaidi ya yote naogopa utanyamaza kama nilivyonyamaza, na utakuwa hodari, na utapita watu.

Nasikia wamemaliza. Baba yako ameomba kifupi, ajabu ya Mungu, labda na yeye anaogopa. Wacha niharakishe.

Barua hii nitaitia ndani ya kofia yako ya pikipiki. Utaikuta asubuhi, usome ukinywa chai. Usinitafute jikoni, hutanikuta. Nitakuwa nimetangulia barabarani, pale kwenye mlima kabla ya kufika lami, katikati kabisa, pale mahali pabaya. Nitakuwa na kibuyu cha uji. Na usicheke, nitakuwa nimevaa gauni la kanisani.

Hapo kuna mambo mawili tu. Kama klachi itakushinda, heri ikushinde mbele yangu kuliko mtoni. Tutaisukuma pamoja mpaka nyumbani, na mimi mwenyewe nitapanda gari nikamwambie huyo mkubwa wako kwamba pikipiki inahitaji fundi, na kwamba binti yangu alisema hivyo bila kuona haya. Akikunyang'anya, atakuwa amemnyang'anya mtu aliyesema ukweli. Kama haitakushinda, utakunywa, utanirudishia kibuyu, na utaondoka. Nitakaa kando, si mbele ya gurudumu. Kola yako utajitengenezea mwenyewe.

Lakini kwanza nataka kitu kimoja, na sijawahi kukuomba kitu. Utaniona kutoka mbali nimeinua kibuyu. Usinipungie, mwaitu. Usiniambie Jumapili.

Simama.

Mama yako,
Ndunge